Sura ya Sita: Kaunta na Stoo

Orodha ya bei huingia usiku. Muuzaji wa jumla aliyeko Dubai anaituma kwa barua pepe, na asubuhi mwenye duka la vipuri Kariakoo anaikuta: faili moja la Excel, mistari 40,000, kila mstari na namba ya kipuri, jina lake na bei mpya. Dola imepanda, nauli ya kontena imepanda, bei za jana hazifai tena. Kijana wa kompyuta analiingiza faili kwenye programu ya duka, anabonyeza kitufe cha kusasisha, kisha wote wanakaa kungoja. Saa mbili inafika, mlango unafunguliwa, na fundi aliyetumwa kutoka gereji anauliza pampu ya maji shilingi ngapi. "Subiri kidogo kaka, bei zinaingia." Kufika saa mbili na nusu mwenye duka ameshaanza kuulizia kompyuta mpya.

Tuchukue duka hili liwe mfano wetu kwa sura nzima, maana duka la namna hii lipo kila mji wa biashara. Kompyuta waliyo nayo inatosha kabisa. Kinachowachelewesha ni safari.

Litazame duka lenyewe. Mbele ipo kaunta, na juu, ngazi mbili, ipo stoo. Sasa mwambie kijana abadilishe vibandiko vya bei kwenye bidhaa zote, kwa sharti hili: achukue kibandiko kimoja, apande stoo, aitafute bidhaa kwa kupita kila rafu tangu mlangoni, abandike, ashuke, asaini daftari kwamba amemaliza, ndipo achukue kibandiko cha pili. Hakuna mwenye duka atakayetoa agizo hilo. Lakini programu nyingi za maduka, shule, zahanati na vyama vya ushirika zimeandikwa hivyohivyo, na hakuna anayeona kwa sababu safari zenyewe zinafanyika ndani ya boksi.

Tupige hesabu. Diski ya kuzunguka ya kompyuta za kawaida hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Programu inapoiambia diski iandike jambo na ihakikishe kweli limeandikika, sahani ya diski lazima ipite tena chini ya kichwa cha kuandikia, na kwa kazi moja iliyothibitishwa hilo hutokea zaidi ya mara moja. Watengenezaji wa SQLite, hifadhidata ndogo tutakayoizungumzia hapa, wameliweka jambo hili wazi kwa watumiaji wao: kwenye diski ya aina hiyo tegemea miamala, yaani kazi zilizothibitishwa, kama 60 kwa sekunde. Mistari 40,000 ukiithibitisha mmoja mmoja, gawanya kwa 60, unapata sekunde 667. Ni dakika kumi na moja za kuthibitisha tu, kabla hujahesabu muda wa kutafuta.

Na kutafuta ndiko kunakoumiza zaidi. Ikiwa jedwali la bidhaa halina faharasa, kompyuta itaanza mstari wa kwanza kila inapotafuta kipuri. Orodha ya mistari 40,000 dhidi ya jedwali la mistari 40,000 ni ulinganishaji wa hadi bilioni 1.6. Ukiwa na faharasa, yaani namba zote zimepangwa kwa utaratibu kama majina katika kamusi, unagawa nusu, kisha nusu ya nusu, na hatua 16 zinatosha kukipata kipuri chochote. Hifadhidata nyingi, SQLite ikiwemo, hutumia muundo wa mti walioubuni Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambao hupunguza hata hizo hatua kwa kuweka funguo nyingi kwenye kila tawi.

Kuhusu diski za kisasa zisizozunguka, zile za SSD, ni kweli zina kasi kubwa zaidi. Lakini nazo zina kusubiri kwake kila unapodai uthibitisho, na mtu mwenye programu mbaya akinunua SSD atakuwa amemnunulia kijana wake viatu vya kukimbilia ngazi.

Sasa kaunta. Kumbukumbu ya kompyuta, ile inayofutika ukizima, hufikiwa kwa muda wa takriban nanosekunde 100. Kichwa cha diski ya kuzunguka kikihama kwenda kutafuta jambo jipya hutumia kama milisekunde 10. Tofauti ni mara 100,000. Tuseme kunyoosha mkono juu ya kaunta kunachukua sekunde moja. Basi kwa kipimo hichohicho safari ya stoo inachukua karibu saa 28. Mtu atoke leo asubuhi, arudi kesho saa sita mchana, na mkononi ana boksi moja la plagi.

Na je, duka zima linaenea kwenye kaunta? Hapa watu wengi wanakosea kwa woga. Kila mstari wa bidhaa tuupe baiti 200: namba, jina, bei, idadi, rafu. Mistari 40,000 inafika megabaiti 8. Simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 inaweza kubeba maduka kama hayo zaidi ya mia mbili. Data za biashara nyingi tunazozijua sisi ni ndogo mno kuliko wanavyodhani wenye nazo. Wanaziona kubwa kwa sababu zinachukua muda mrefu, na zinachukua muda mrefu kwa sababu ya safari.

Hifadhidata ya kufanyia kazi hii imo tayari mfukoni mwako, na namna ilivyozaliwa inastahili kusimuliwa. Mwaka 2000, mhandisi wa programu Mmarekani aitwaye D. Richard Hipp alikuwa akifanya kazi na kampuni ya General Dynamics kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Meli ilikuwa USS Oscar Austin, na programu yake ilikuwa ya kuwasaidia mabaharia meli inapopata madhara: bomba likipasuka, vali zipi zifungwe na zipi zifunguliwe ili maji na umeme viendelee kufika panapohitajika. Data zilikaa kwenye Informix, hifadhidata kubwa inayotegemea seva. Seva ikiwa imezima, programu ya Hipp haikuwa na la kufanya ila kuonyesha ujumbe kwamba imeshindwa kuunganishwa. Aliyekaa mbele ya kioo aliiona programu ya Hipp ndiyo mbovu, ilhali kosa lilikuwa kwingine. Na saa ya kuihitaji programu hiyo ndiyo saa ambayo meli imepigwa na mitambo inazima mmoja baada ya mwingine.

Hipp akajiuliza kwa nini pawepo seva kabisa. Programu yake ilihitaji tu kusoma data na kuziuliza maswali. Akaandika hifadhidata inayokaa ndani ya programu yenyewe, isiyo na seva, isiyo na msimamizi, isiyo na kitu cha kuwasha wala kuzima. Toleo la kwanza lilitoka Agosti 2000. Akaiita SQLite na akaitoa bure kwa umma, bila haki miliki. Mtu yeyote anaweza kuichukua, kuibadili na kuiuza bila kuomba ruhusa. Leo imo katika kila simu ya Android na kila iPhone, imo katika vivinjari vya Chrome na Firefox, na ujumbe wa WhatsApp uliotumiwa asubuhi hii umehifadhiwa kwenye simu yako ndani ya faili la SQLite. Programu yenyewe haifiki hata megabaiti moja.

Zipo nyingine zinazofanya kazi kwenye kumbukumbu. Redis, aliyoianzisha Salvatore Sanfilippo wa Italia mwaka 2009, inasifika kwa haki. Ila Redis ni seva, na haikujengwa kwa majedwali. Kwa duka letu ni kukodi lori kubeba begi.

SQLite kwa kawaida huandika kwenye faili la diski. Lakini ukiifungua na badala ya jina la faili ukaandika `:memory:`, haigusi diski kabisa. Inakujengea hifadhidata kamili juu ya kaunta, yenye majedwali, faharasa na maswali yote, na inaishi muda ule tu muunganisho wa programu yako nayo upo wazi. Ukiufunga, hifadhidata inatoweka. Anayeandika kwa Python hahitaji hata kuisakinisha. Imo ndani ya Python tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006.

Kazi ya kijana wetu basi inakuwa hivi. Anafungua hifadhidata ya kumbukumbu. Anaingiza jedwali la bidhaa kutoka diski kwa mkupuo mmoja. Anaingiza orodha mpya kwenye jedwali la pili, tuliite `mpya`. Anaweka faharasa kwenye namba za vipuri. Kisha agizo moja, na kompyuta inalimaliza lote yenyewe:

`UPDATE bidhaa SET bei = mpya.bei FROM mpya WHERE mpya.namba = bidhaa.namba;`

Namna hii ya kusasisha jedwali moja kwa kutazama jingine iliingia SQLite mwaka 2020, toleo la 3.33; kwenye toleo la zamani zaidi itabidi uandike kwa njia ndefu. Mistari yote 40,000 inakwisha ndani ya sekunde, hata kwenye kompyuta ya miaka kumi iliyopita.

Nisimame kidogo kwenye mitego, kwa sababu kasi ikiwa na makosa inaeneza makosa kwa kasi hiyohiyo.

Mtego wa kwanza ni namba isiyo namba. Namba ya kipuri, kama namba ya simu, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Excel ikiiona 0712 inaifanya 712, na ikiona 3E5 inadhani umeandika laki tatu. Wanasayansi wa jeni waliteswa na tabia hii miaka mingi, kwa sababu jeni iliyoitwa MARCH1 ilikuwa ikigeuzwa kuwa tarehe ya mwezi Machi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadili majina yenyewe, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Kwa hiyo namba ya kipuri iwe maandishi na bei iwe namba. Ukikosea upande wa pili, bei ikawa maandishi, 900 itahesabiwa kubwa kuliko 1000, kwa kuwa herufi ya 9 inakuja baada ya 1. SQLite yenyewe ni laini mno hapa: itakubali neno katika safu ya namba bila kulalamika, isipokuwa umeliunda jedwali kwa sharti la ukali, STRICT, lililoongezwa mwaka 2021. Mimi ningeliweka sharti hilo kila mara.

Mtego wa pili ni kipuri kuonekana mara mbili kwenye orodha mpya, kikiwa na bei mbili. Agizo letu hapo juu halitakuambia. Litachagua mojawapo ya hizo bei, na huna njia ya kujua limechagua ipi. Dawa ni kuiwekea safu ya `namba` kwenye jedwali la `mpya` faharasa isiyoruhusu marudio kabla ya kuingiza orodha, ili uingizaji ukatae pale pale na uone mstari wenye tatizo.

Mtego wa tatu ni faili lililokatika bila mtu kujua. Uingereza ilijifunza hili mwanzoni mwa Oktoba 2020, ilipogundulika kwamba wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 waliopimwa Uingereza hawakuingia kwenye hesabu za taifa wala kwa wafuatiliaji wa maambukizi kwa siku kadhaa. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, lenye ukomo wa mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje. Watu waliokuwa wamekaa karibu na wagonjwa hao hawakupigiwa simu kwa wakati. Kwa hiyo hesabu mistari ya faili kabla, hesabu ya jedwali baada, na zisipolingana usiendelee.

Baada ya kusasisha, jipe muda wa maswali kabla hujaandika chochote kwenye diski. Vipuri vingapi vimo kwenye orodha ya Dubai na dukani havipo? Vingapi viko dukani na kwenye orodha havimo, kwa hiyo vimebaki na bei ya zamani? Vipi vimepanda kwa zaidi ya nusu? Klachi iliyotoka shilingi 180,000 hadi 1,800,000 kwa usiku mmoja imeongezewa sifuri na mtu, haikupandishwa na dola. Kila swali linajibiwa kabla hujainua kidole kwenye kibodi, na hapo ndipo mimi naona faida kubwa kuliko ile ya kuokoa muda. Swali moja likichukua dakika tatu, kijana hataliuliza, ana wateja. Likichukua kufumba na kufumbua, atauliza kumi, na kwenye la saba atakutana na kosa ambalo lingemgharimu bosi wake faida ya mwezi.

Kisha kurudisha stoo. Hapa nimeona kazi nzuri ikiharibika dakika ya mwisho. Wakati kijana anafanya kazi na nakala yake kwenye kumbukumbu, kaunta halisi inaendelea kuuza. Hifadhidata ya kumbukumbu ni ya muunganisho wake peke yake. Haijui kwamba saa mbili na robo zimeuzwa brekipadi sita. Akilirudisha jedwali zima juu ya lile la zamani, bei zitakuwa mpya na idadi zitakuwa za alfajiri, na zile brekipadi sita zitafufuka kwenye vitabu. Siku ya kuhesabu mzigo atalaumiwa mtu wa stoo ambaye hana kosa. Basi irudishwe safu ya bei tu. SQLite inakuruhusu kuliambatisha faili la diski kwenye muunganisho uleule wa kumbukumbu, ukaandika bei upande wa pili kwa agizo moja, ndani ya muamala mmoja: unafungua kwa `BEGIN`, unasasisha, unafunga kwa `COMMIT`. Umeme ukikatika katikati, ukiwasha tena utakuta bei zote ni za zamani. Hutakuta nusu hivi na nusu vile, mradi ulifungua muamala.

Niseme ukweli kamili kuhusu muamala, maana wauzaji wa programu huwa hawausemi. Sehemu kubwa ya zile dakika kumi na moja ungeokoa bila kuhamia kwenye kumbukumbu kabisa. Ingetosha kuzizungushia sasisho zote 40,000 `BEGIN` moja na `COMMIT` moja, pamoja na faharasa kwenye namba. Watengenezaji haohao wa SQLite waliosema miamala 60 kwa sekunde wanasema pia kompyuta hiyohiyo inaweza kuingiza mistari 50,000 au zaidi kwa sekunde, ikiwa imefungwa kwenye muamala mmoja. Ikiwa programu yako ina ugonjwa huo tu, tibu huo tu. Kumbukumbu inakulipa pale unapohitaji kuchambua, kulinganisha, kujaribu na kufuta mara nyingi kabla ya kuandika mara moja.

Na kuna kazi zisizostahili kamwe kukaa kwenye kumbukumbu peke yake. Orodha ya Dubai ikipotea kwa umeme kukatika, bado iko kwenye barua pepe. Unaanza upya, umepoteza dakika moja. Mauzo ya kaunta hayana nakala kwingine. Mteja ametoa fedha, amepewa risiti, ameondoka. Mstari huo ukiishi kwenye kumbukumbu tu na TANESCO wakakata umeme, hakuna anayeweza kuuandika tena ila kwa kukisia. Mauzo yaende diski moja kwa moja, moja moja, kila moja na uthibitisho wake, na ule ucheleweshaji wa sehemu ndogo ya sekunde ulipwe kwa moyo mweupe. Hakuna mteja anayeuona.

Faili linalobaki kwenye diski baada ya yote haya si la kulionea shaka. Muundo wake umedumishwa tangu SQLite 3 ya mwaka 2004, hivyo faili la wakati ule linafunguka leo, na watengenezaji wameahidi kuihudumia SQLite hadi mwaka 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani imeuweka muundo huo kati ya ile inayopendekeza kwa kuhifadhia data kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, wewe mwenye duka, na wewe mhasibu wa chama cha ushirika unayengoja majina ya wakulima yapite moja moja: kabla hujatoa fedha ya kompyuta mpya, muite aliyekuandikia programu, mkae mbele ya mashine, umuulize mambo mawili. Jedwali lina faharasa kwenye namba tunayotafutia? Na katika kusasisha mistari yote hii, programu inathibitisha mara ngapi?